Unga unashikaje upande wa CHINI wa mabati? Kisiagi changu kimenishinda kuelewa

#1 MsagajiLanet
Wadau, hamjambo. Nina kisiagi huku Lanet, Nakuru, mwaka wa sita sasa. Jumamosi nilipanda ngazi kufagia paa kwa ndani. Nilichokikuta kimeninyima usingizi: upande wa chini wa mabati, ule unaoangalia sakafu, umeshika unga wenye unene wa sarafu ya shilingi kumi. Nilipogusa kwa kidole, ulibanduka kipande kizima kama ukoko wa ugali.

Unga wa sakafuni naelewa, umeanguka. Wa ukutani nao naweza kuukubali. Lakini huu wa juu ulipandaje? Na ukishafika, kwa nini hauanguki?

Kuna mengine. Ukuta ulio nyuma ya mkanda wa mota ndio mweupe kuliko kuta zote. Bati kuukuu lenye kutu limeshika kuliko lile nililobadilisha mwaka jana. Tandabui nazo zimenenepa kama kamba za katani. Naomba anayejua anieleze kwa kina, maana unga ni wa wateja na mapafu ni yangu.

#2 KondeleBoy
Sasa nimejua gorogoro za mahindi hupungukia wapi! Zimo darini kwa Msagaji.

Lakini jibu si upepo tu, mkuu? Mashine inapuliza, unga unaruka, unagonga bati, unashika. Nini kigumu hapo?

#3 FundiStimaKaptembwo
Kigumu ni hicho cha "unashika", Kondele. Ukirusha mchanga kwenye dari utakurudia usoni. Mbona unga haurudi?

Mimi nasema ni umeme tuli. Mkanda wa mpira ukizunguka kwenye puli unachaji, na unga wenyewe unasuguana na chuma na nyundo kule ndani. Mnakumbuka TV zile za kichogo? Ulikuwa ukifuta kioo asubuhi, jioni kimeshika vumbi tena, na ukipitisha mkono vinywele vinasimama. Chembe yenye chaji huvutwa hata na ukuta usio na chaji. Ndiyo maana ukuta wa nyuma ya mkanda ndio mweupe zaidi. Msagaji, hiyo mashine ina waya wa athi, ule wa kupeleka chaji ardhini?

#4 MwalimuAhero
Salamu. Nafundisha fizikia. Umeme tuli upo, sikatai, lakini tuanzie kwenye hewa.

Tumezoea kufikiri vumbi *linaanguka*. Kwa chembe kubwa ni kweli. Chukua chembe ya duara yenye uzito kama wa maji. Ikiwa na kipenyo cha maikroni 100 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), yaani nene kidogo kuliko unywele, hushuka karibu sentimita 25 kwa sekunde. Ya maikroni 10 hushuka milimita 3 hivi kwa sekunde. Ya maikroni 1 hushuka chini ya milimita moja kwa *dakika* kumi na tano? La, nimepiga hesabu haraka, ngoja: milimita 0.035 kwa sekunde, yaani milimita 2 hivi kwa dakika. Tukisema paa la Msagaji lina mita 4, na hewa imetulia kabisa, ile kubwa itafika chini kwa sekunde 16, ya kati kwa dakika 20 na kitu, na ile ndogo kwa zaidi ya siku nzima.

Sasa hewa ya kisiagi haijatulia hata nukta moja. Mkanda unaisukuma, mota inaipasha joto, mlango unaingiza upepo, na yote hayo yanaikoroga ikajisokota mikunjo mikubwa inayozaa mikunjo midogo. Huo ndio mtiririko wa msukosuko. Mkunjo unaopanda kwa sentimita 10 kwa sekunde haujali kwamba chembe inataka kushuka milimita 3. Kwa hiyo kupanda kwa unga hakuna ajabu yoyote.

Fumbo lenyewe liko kwenye hatua ya mwisho. Hewa iliyogusa bati kabisa haisogei. Juu ya kila kitu kuna utando mwembamba wa hewa iliyopoa mwendo, na ndani yake misukosuko hufa. Prandtl alilieleza tabaka hilo mwaka 1904. Chembe lazima ilivuke ndipo iguse bati. Chembe nzito kiasi huvuka kwa ukaidi: mkunjo unaitupa kuelekea bati, hewa inapinda kando, yenyewe inanyoosha na kugonga. Wanafizikia wanauita ukaidi huo inesha. Zile ndogo mno, za chini ya sehemu ya kumi ya maikroni, huvuka kwa kusukumwasukumwa na molekuli za hewa. Za katikati ndizo zenye shida, si nzito wala si nyepesi, kwa hiyo hubaki zikielea muda mrefu kuliko zote.

Na kwa nini haurudi usoni, Fundi? Kwa sababu ya ukubwa. Ukipunguza kipenyo cha chembe mara kumi, uzito wake unapungua mara elfu, lakini nguvu inayoishikiza kwenye bati inapungua kama mara kumi tu. Kwa punje ya mchanga uzito unashinda. Kwa unga mwembamba kunata kunashinda, hata ukiwa umening'inia kichwa chini.

#5 MsagajiLanet
Mwalimu, asante sana. Hapo kwa mara elfu na mara kumi nimesoma mara tatu, nikaenda kugusa bati tena. Kweli, wa juu ni laini kama poda. Ukiusugua kati ya vidole huusikii. Wa sakafuni una chenga.

Lakini kutu? Na tandabui?

#6 MwanaMuhoroni
Tandabui nitakujibu kwa nguo.

Huku kwetu miwa ikichomwa, majivu meusi yanashuka mpaka uani. Vile vipande vikubwa vinaelea kama manyoya na kutua popote, juu ya nguo, juu ya sufuria, juu ya mbwa aliyelala. Ila kuna masizi madogo zaidi ambayo hayatui, yanapita na upepo. Hayo huyaoni mpaka uangalie kamba ya nguo. Kamba inakuwa nyeusi upande unaotoka upepo, lakini nguzo iliyofungiwa kamba hiyo, nene kama mguu, haina kitu! Mama alikuwa akifuta kamba kwa kitambaa kila mara kabla ya kuanika, nguzo hakuifuta hata siku moja.

Sababu nilikuja kuielewa ukubwani. Upepo ukikutana na nguzo nene huanza kupinda mapema, na masizi yanapata muda wa kupinda nao. Ukikutana na kamba nyembamba hupinda ghafla, masizi yanashindwa kukata kona, yanagonga. Utando wa buibui ni mwembamba kuliko kamba yoyote. Kwa hiyo Msagaji, tandabui hazijashika unga kwa sababu ya kunata peke yake. Ni wembamba wake.

#7 KondeleBoy
Omera, hii imenigusa. Nyavu za dirishani tulizoweka kuzuia sami, wale wadudu wadogo wa ziwani, zinaziba vumbi kila baada ya wiki chache, na matundu yake ni makubwa kuliko vumbi mara mia. Nilikuwa namlaumu aliyeniuzia!

Basi mniambie na feni. Feni ya dukani kwangu inazunguka kutwa nzima, Kisumu hii ya joto. Ukiizima, ukingo wa mbele wa panga una vumbi jeusi kama sufi. Upepo wote huo haulitoi? Halafu Mwalimu, hesabu zako za kushuka kwa chembe si ndizo za Stokes? Ndiye yule wa 1883 wa rangi kwenye bomba la maji?

#8 MwalimuAhero
Hapana, hao ni wawili. Hesabu ya kushuka kwa chembe ni ya George Gabriel Stokes, 1851. Wa rangi kwenye bomba la kioo ni Osborne Reynolds, Manchester, 1883. Yeye alionyesha uzi wa rangi ukinyooka maji yakienda polepole, na ukivurugika mwendo ukizidi.

Feni: panga lenye urefu wa sentimita 60 kutoka katikati, likizunguka mara 300 kwa dakika, ncha yake inakwenda karibu mita 19 kwa sekunde. Ni kama kilomita 68 kwa saa. Ukingo wa mbele unaifuata hewa na kuipasua, hewa inapinda juu na chini, vumbi halipindi. Ni kamba ya nguo ya Muhoroni, tofauti ni kwamba hapa kamba ndiyo inayoufuata upepo. Na halitoki kwa sababu mwendo huo wote uko nje ya ule utando. Pale kwenye rangi ya panga, hewa inakwenda pamoja na panga.

#9 MamaKakamega
Wanangu, mmesahau joto kabisa.

Nina nyumba ya mabati yenye dari ya mbao laini. Miaka mingi tulipikia kuni kwenye chumba cha pili, na moshi ulikuwa ukipenya. Siku moja nimelala chali, mgonjwa wa malaria, nikaona darini vidoa vyeusi vimepangwa mistari iliyonyooka, kimoja kila baada ya shubiri moja au mbili. Nilidhani ni kuvu. Nilipopona nikapanda kiti. Kila kidoa kilikuwa kimekaa juu ya kichwa cha msumari! Mbao zenyewe zilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, misumari ilikuwa meusi kama sufuria.

Msumari ni chuma, usiku unapoa kupitia kwenye mbao mpaka kwenye baridi ya juu. Moshi una joto. Chembe zilizo katikati ya joto na baridi hupigwa zaidi na molekuli za upande wa joto, zinasukumwa kuelekea baridi. Kijana wangu aliyesomea mambo haya alinipa na jina lake, themoforesisi. Hapo hakuna mkanda wa mota wala inesha, masizi ya moshi ni madogo mno kwa ukaidi huo wa Mwalimu.

Nakuru ni baridi usiku na asubuhi. Msagaji anafungua mapema, mota inapata moto, bati lingali baridi. Kwa nini unga usiende huko?

#10 MwalimuAhero
Mama, shikamoo. Umenifundisha kitu kwa hiyo misumari. Na historia iko upande wako: Tyndall mwaka 1870 aliona hewa iliyo juu kidogo ya kitu cha moto ikiwa nyeusi ndani ya mwanga, kwa maana vumbi limeondoka hapo. Waliomfuata walionyesha kwamba joto linalifukuza.

Ila kwa unga nina shaka. Nguvu hiyo inafaa sana kwa masizi. Chembe ya maikroni 10 itaisikia kidogo tu.

#11 MamaKakamega
Marahaba mwanangu. Je, umepima unga wa Lanet wa darini ni maikroni ngapi? Amesema ni poda isiyosikika kidoleni.

#12 MhandisiGilgil
Nimesoma uzi wote kimya, sasa naingia. Mwalimu amesema vizuri, lakini pale kwenye "mkunjo unaitupa, inanyoosha na kugonga" pana mjadala ambao haujaisha hata kwa wataalamu.

Wazo la kutupwa lilipewa sura ya hesabu na Friedlander na Johnstone mwaka 1957. Chembe inasafiri na mkunjo wa mwisho, inaachwa umbali fulani na ukuta, inamalizia kwa kuteleza bila kusukumwa. Halafu mwaka 1974 Liu na Agarwal walipitisha matone ya mafuta ya zeituni kwenye bomba la kioo lililosimama wima. Zingatieni hapo, *wima*, kwa hiyo uzito hauwezi kuangusha tone ukutani. Kadiri matone yalivyokuwa makubwa ndivyo utuaji ulivyopanda, maelfu ya mara, ukafika kilele, kisha ukaanza kupungua kidogo. Yale makubwa kabisa yalikuwa mazito mno hata mikunjo ikashindwa kuyarusha.

Lakini kompyuta zilipokuja kufuatilia chembe moja moja, ikaonekana nyingi hazigongi kwa mruko mmoja. Zinakusanyika karibu na ukuta na kukaa hapo muda mrefu. Fikirieni stendi ya matatu Nakuru siku ya kufunga shule. Katikati ni fujo, kila mtu anasukumwa. Ukisukumwa mpaka kwenye kibaraza cha duka, hapo hakuna wa kukurudisha. Baada ya muda kibaraza kimejaa ingawa hakuna aliyekusudia kwenda huko. Chembe nazo husukumwa kutoka penye msukosuko mkali kwenda penye utulivu, na penye utulivu kuliko pote ni ukutani. Jina lake ni turboforesisi, na Reeks aliandika hesabu yake mwaka 1983.

Kwa hiyo ukuta wa nyuma ya mkanda unaweza kuwa mweupe bila chaji yoyote. Pale ndipo hewa inakorogwa zaidi.

#13 FundiStimaKaptembwo
Au ndipo penye chaji zaidi. Mkanda mmoja, maelezo mawili. Mhandisi, utayatenganishaje?

#14 KondeleBoy
Tuyatenganishe kwa kukumbuka kwamba Nakuru ni vumbi tangu jina. Si husemwa ni neno la Kimaasai la mahali pa vumbi? Hamieni Kisumu, tuna ziwa.

#15 MhandisiGilgil
Husemwa hivyo, na Januari ikifika na vile visulisuli vya udongo wa volkeno, ni nani atabisha! Mimi niko karibu na machimbo ya Kariandusi, vumbi letu ni jeupe. Sola yangu hulishika jioni, usiku umande unashuka, asubuhi limekuwa kama saruji. Vumbi lenyewe lilitua kwa uzito wake, lakini umande ndio unaolifunga. Msagaji, paa lako hutoa jasho asubuhi?

#16 NesiBusia
Naomba niseme la mapafu, kwa sababu hilo ndilo aliloanza nalo na tumelipita mbio.

Pua na koo ni kona. Chembe za maikroni 10 na zaidi hushindwa kukata kona hizo, nyingi hukwama hapo, unazipiga chafya au unazimeza. Zile ndogo zaidi zinaingia ndani na kutua kwenye vijia ambamo hewa imetulia. Za karibu nusu ya maikroni ndizo zinazotua kidogo kuliko zote, nyingine unazitoa tena ukipumua. Ni kama Mwalimu alivyosema za katikati zina shida. Ile poda isiyosikika kidoleni, Msagaji, hiyo ndiyo pua haiwezi kukuzuilia yote. Unga wa nafaka huleta pumu kwa wanaoufanyia kazi miaka mingi. Ukianza kukohoa siku za kazi na kupona siku za mapumziko, nenda kapimwe. Na leso usoni haitoshi. Tafuta barakoa inayobana kingo zote, maana hewa itapita palipo na mwanya, na poda itaifuata.

#17 MhandisiGilgil
Naunga mkono Nesi, na naongeza la pili la hatari. Usifagie paa mashine ikiwa inanguruma, wala mtu asivute sigara humo. Unga ukielea hewani kwa wingi unawaka kwa mlipuko. Tarehe 2 Mei 1878 kinu cha Washburn A kule Minneapolis, Marekani, kililipuka kwa vumbi la unga, watu 18 wakafa. Katika milipuko ya namna hiyo ule wa kwanza mara nyingi ni mdogo. Unautikisa unga uliolala juu ya boriti na mabati, unashuka wote kwa pamoja, na huo ndio unaobomoa jengo.

#18 MsagajiLanet
Hilo la Minneapolis limenikalisha chini. Nimefagia paa lote jana usiku, stima imezimwa, milango wazi.

Mhandisi, ndiyo, asubuhi za baridi bati hutoa jasho.

#19 MamaKakamega
Kwa kuwa sasa paa ni safi, tupime badala ya kubishana. Chukua selotepu, igeuze upande unaonata uangalie chumba. Bandika vipande chini ya bati jipya, chini ya bati la kutu, nyuma ya mkanda, na ukuta wa mbali. Kando ya kila kipande weka karatasi laini isiyonata. Selotepu itatuambia nini *kilifika*, karatasi itatuambia nini *kilibaki*. Acha wiki moja.

#20 FundiStimaKaptembwo
Wiki ya pili, funga waya wa athi kwenye fremu ya mashine, urudie. Waya huo ulitakiwa uwepo hata bila uzi huu. Mfanye fundi mwenye leseni.

#21 MsagajiLanet
Nimerudi. Wiki mbili zimekwisha, msamaha kwa kukawia.

Wiki ya kwanza. Nyuma ya mkanda: selotepu imejaa chenga na poda, karatasi ina poda peke yake. Chini ya mabati yote mawili: hakuna chenga hata moja. Selotepu na karatasi zote zina poda nyembamba, sawasawa kama vile mtu amechekecha, na karatasi imepungukiwa kidogo sana. Bati la kutu na jipya, selotepu zao hazina tofauti ninayoweza kuiona kwa macho. Ukuta wa mbali, poda hafifu.

Wiki ya pili, na waya wa athi. Nyuma ya mkanda poda imepungua. Nimeshika vipande viwili dirishani mara nyingi, naona imepungua. Chenga ni zile zile.

#22 FundiStimaKaptembwo
Imepungua! Asante kwa kupima kwa haki, mkuu.

#23 MwalimuAhero
Tazameni zile chenga. Zilifika ukutani, selotepu ikazinasa, karatasi ikazirudisha. Zilitupwa, zikadunda. Poda haikudunda, ikabaki. Nimefurahi mno, kesho naipeleka kidato cha tatu.

#24 MwanaMuhoroni
Fundi, ngoja. Wiki ya pili Nakuru si kulinyesha? Hewa yenye unyevu inaondoa chaji yenyewe, na wateja nao hupungua.

#25 MsagajiLanet
Kulinyesha Jumanne na Jumatano. Wateja walipungua siku hizo mbili, ni kweli.

#26 MhandisiGilgil
Na kuhusu kutu, selotepu imetudanganya sote. Ukiibandika juu ya kutu umeifunika kutu. Umepima hewa ya pale, hukupima mikwaruzo ya bati. Vile vinundu vya kutu vinachomoza ndani ya ule utando tulivu na kunasa chembe zinazopita karibu. Inatakiwa upime bati lenyewe: ufute kipimo cha kiganja kwenye kila moja, uache wiki, ufute tena kwa kitambaa cheusi.

#27 MamaKakamega
Na uweke kipande kingine kwenye bati ulilolifunika gunia kwa juu, ili lisipoe usiku. Likishika sawa na mengine nitanyamaza kuhusu baridi.

#28 MsagajiLanet
Gunia nimeweka leo jioni, kitambaa cheusi nimekata vipande sita, na viganja nimevichora kwa chaki. Kuna tandabui moja juu ya mlango sikuifagia siku ile kwa sababu ya Muhoroni. Asubuhi jua likipenya kwenye tundu la msumari linaipiga moja kwa moja, na mashine ikiwaka unaona unga ukipanda na ukuta, unafika pale, unapinda, na nyuzi zinatikisika. Nimesimama chini yake leo mpaka mteja akaniita mara mbili.